Ukarabati wa nyumba za Lamu uanze na msamiati wa mafundi

Kila yanapozungumzwa majumba ya kale ya pwani yetu, mjadala haukawii kugeuka kuwa wa fedha. Huulizwa ni nani atakayegharamia, ni shilingi ngapi zitakazohitajika, na kwa nini serikali imekawia kuzitoa. Maswali hayo ni ya haki. Lakini kuna swali jingine ambalo sijalisikia likiulizwa katika makongamano niliyohudhuria, nalo ni hili: kazi ya kuzikarabati nyumba hizo huamrishwa kwa maneno gani? Mimi si mjenzi. Kazi yangu ni kufundisha isimu chuo kikuu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu Lamu kukusanya msamiati wa ufundi. Niliyoyaona na kuyasikia huko yamenifanya niamini kwamba baadhi ya nyumba zinaharibiwa na watu wanaodhani kwamba wanaziokoa, na kwamba uharibifu huo aghalabu huanza katika maneno kabla haujafika ukutani.

Yafaa kwanza tuitazame nyumba yenyewe, maana wanafunzi wengi wa bara wameiona katika picha tu. Mji wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001. Nyumba zake kongwe, hasa zile za mtaa wa Mkomani, ni za karne ya 18. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nazo ni nene kiasi cha nusu mita. Mgeni huyaona mawe akasema hii ni nyumba ya mawe. Naam, ni ya mawe, lakini kinachoibeba kwa ndani ni miti. Kila dari hulazwa juu ya safu ya boriti za mkoko zilizopangwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya boriti hupangwa vipande bapa vya matumbawe, kisha humwagwa zege la chokaa na kokoto, likapondwapondwa kwa magongo mpaka likashikana. Dari ya aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu.

Mwanafunzi wa lugha atafurahi kujua kwamba neno sakafu lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa au dari. Mwarabu aliitazama kutoka chini. Mswahili akapanda, akaikanyaga kutoka juu, na neno likapanda pamoja naye. Ghorofa nayo, ambayo katika asili yake ya Kiarabu ni chumba tu, kwetu imekuwa tabaka zima la nyumba. Waliokopa maneno haya waliyapa kazi kulingana na nyumba walizokuwa wakizijenga.

Boriti ndiyo iliyoamua umbo la nyumba. Uzito wa dari ya mawe na chokaa ni mkubwa mno, na mti wa mkoko unaweza kuuhimili kwa upana wa mita 2.8 hivi, yaani takriban dhiraa sita kwa kipimo cha waashi wa zamani. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Majahazi yaliichukua miti hiyo hiyo hadi Oman, Kuwait na bandari nyingine za Ghuba, ambako huitwa chandal, na huko nako vyumba vya nyumba za kale vina wembamba ule ule. Uchuuzi huo wa nje ulipigwa marufuku na serikali ya Kenya mwaka 1982. Msitu mmoja wa mikoko, basi, ulitoa kipimo cha vyumba vya watu waliokuwa mbali sana wao kwa wao.

Sasa tuingie ndani. Kutoka njiani mtu hufika kwanza kwenye daka, yenye viti vya mawe pande mbili, mahali ambapo mwenye nyumba huzungumza na wageni bila ya kuwaingiza ndani. Baada ya daka kuna tekani, ambapo njia hukata kona ili anayepita nje asichungulie. Kisha kuna kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa juu, na hapo mwanga huingia. Mbele ya kiwanda kuna msana wa tini, halafu msana wa yuu, kisha ndani, na nyuma kabisa nyumba ya kati, ambamo watoto walizaliwa na maiti wakaoshwa. Ukuta wa ndani hupambwa kwa zidaka, safu juu ya safu, za kuwekea sahani za kaure na vitu vya thamani. Sabule ni chumba cha mgeni. Kidari cha meko ni jiko lililo juu darini. Wikio ni chumba kinachovuka juu ya njia na kuziunganisha nyumba mbili za jamaa.

Nataka wasomaji walitue jicho lao kwenye msana wa tini na msana wa yuu. Kwa Kiswahili sanifu tungesema wa chini na wa juu, kwa kuwa Kiamu husema tini mahali pa chini na yuu mahali pa juu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hulidaka jambo hilo upesi. Lakini nilipata kuonyeshwa ramani moja iliyochorwa Nairobi, na mchoraji alikuwa ametafsiri maneno hayo kana kwamba msana mmoja uko ghorofa ya chini na mwingine ghorofa ya juu. Sivyo hata kidogo. Misana yote miwili imo katika ghorofa moja. Sakafu ya nyumba ya Lamu hupanda kidato kimoja kila mtu anaposogea kuelekea ndani, na "yuu" ya msana wa pili ni yuu ya kidato hicho tu. Vidato hivyo vina maana: kadiri unavyopanda ndivyo unavyoingia katika faragha ya watu. Katika ramani ile sakafu ilikuwa imesawazishwa yote. Lau fundi angeifuata ramani, nyumba ingebaki na kuta zake zote na kupoteza mpango wake.

Miti nayo ina majina yake, na hapa ndipo ninapouonea fahari msamiati wetu. Wakataji wa mikoko hawasemi "mti mwembamba" wala "mti mnene". Wanasema fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi, banaa, kuanzia ulio mdogo hadi ulio mkubwa, na kila jina lina mpaka wake. Boriti, kwa mfano, ni mti wa unene wa kama sentimita 11.5 hadi 13.5. Chini ya hapo ni mazio, na juu ya hapo ni nguzo. Miti huuzwa kwa korija, ambayo ni miti ishirini. Maafisa wa misitu walipotaka kuweka vipimo rasmi, waliyachukua maneno haya haya na kuyatia katika nyaraka zao za Kiingereza, kwa sababu Kiingereza hakikuwa na mengine ya kuwapa. Na bado tunao wasomi wanaotuambia kwamba Kiswahili hakina istilahi za kiufundi!

Nije sasa kwenye madhara. Bibi mmoja wa Lamu alirithi nyumba kutoka kwa wazazi wake. Ukuta mmoja ulikuwa umemenyeka na jamaa zake wakachanga fedha za kuukarabati. Mkandarasi akaja na karatasi zake za Kiingereza, ambazo kwa haki zilisema kwamba ukuta upakwe mchanganyiko wa chokaa, si saruji. Msimamizi akazisoma, akawageukia vijana na kuwaambia kwa ufupi, "Pigeni plasta." Vijana hao walikuwa wamejifunzia kazi katika majengo mapya ya Mombasa na Malindi, na kwao plasta ni kitu kimoja tu: mchanga na simiti. Wakaipiga vizuri sana. Ukuta ukang'aa.

Nilifika baada ya masika ya tatu. Ukuta ulikuwa umetoa chumvi nyeupe kama ukungu, plasta imevimba na kulia tupu mtu anapoigonga kwa kidole, na vichwa vya boriti nne, pale vinapoingia ukutani, vilikuwa vimeoza kiasi cha kutobolewa kwa kisu. Dari ilikuwa imeegemezwa kwa nguzo ili isianguke. Fundi mwashi mmoja mzee alikuwa ameitwa aitazame, nami nikamwomba anieleze.

"Mwalimu," akaniambia, "ukuta huu umevishwa koti la mvua na maji yamo ndani. Yatoke wapi?"

"Kwani ukipakwa chokaa maji hayaingii, mzee?"

"Huingia. Yakaingia, yakatoka. Chokaa ina pumzi."

Maelezo yake yanakubaliana na sayansi. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi. Hunyonya maji kutoka ardhini na unyevu kutoka baharini. Chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo unyevu hufika usoni pa ukuta ukakauka kwa upepo. Saruji huziba njia hiyo. Maji yaliyozuiliwa hutafuta pa kwendea, na katika ukuta wa Lamu pa kwendea ni kichwa cha boriti. Mkoko una utomvu mkali unaoufanya usipendwe na mchwa, na ukiwa mkavu huishi miaka mingi mno. Ukikaa katika maji yasiyotoka huoza kama mti mwingine wowote. Zaidi ya hayo, saruji ni ngumu kuliko jiwe inaloliveka. Ukuta unapojinyoosha na kujikunja kwa joto na baridi, kinachopasuka ni jiwe.

Nilimwuliza mzee yule kazi ile ingeitwaje kwa lugha yake. Hapo akacheka, akasema kwamba hiyo si kazi moja. Ukuta wa mawe kwanza hutomewa, yaani mianya iliyo baina ya mawe makubwa hujazwa vijiwe vidogo na chokaa hadi uso wake uwe karibu sawa. Kisha hupigwa lipu, na hiyo lipu huachwa ikomae. Mwisho hupakwa chokaa laini. Kukandika ni jambo jingine kabisa: kukandika ni kwa nyumba ya miti na udongo. Hivi ni vitenzi vinne. Kila kimoja kina kitu chake, chombo chake na muda wake. Katika kinywa cha msimamizi vyote vilikuwa vimemezwa na neno moja, plasta, na neno hilo lilikuja likiwa na mfuko wa simiti mgongoni.

Nisieleweke vibaya. Mimi si miongoni mwa wale wanaotaka kukisafisha Kiswahili kwa ufagio. Plasta ni neno la Kiswahili kama sakafu ilivyo. Bimu, kolamu na slabu pia, na fundi anayejenga jumba la saruji Kisauni ana haki ya kuyatumia, maana vitu anavyovitaja ni hivyo hasa. Wala siamini kwamba neno likibadilika mti huoza. Mti huoza kwa maji. Ninachosema ni kwamba msamiati wa fundi ni maagizo ya kazi yaliyofupishwa. Kijana anayelijua neno kutomea ameshaambiwa vijiwe, chokaa na subira. Kijana anayeiita boriti bimu yuko tayari kuing'oa na kumimina bimu ya zege mahali pake, kwa nondo zitakazopata kutu kwa chumvi ya bahari na uzito ambao kuta za matumbawe hazikujengewa kuubeba.

Hapo walimu watauliza, maneno hayo yamo katika kamusi zipi? Jibu lake linatia uchungu kidogo. Padre Charles Sacleux aliyaweka mengi ya lahaja za pwani katika kamusi yake ya mwaka 1939, lakini aliyafasiri kwa Kifaransa. Usam Ghaidan aliieleza nyumba ya Lamu chumba kwa chumba katika kitabu chake cha mwaka 1975, kwa Kiingereza. Mpango wa kuuhifadhi mji uliotayarishwa na Francesco Siravo katika miaka ya 1980 nao ni wa Kiingereza. Wametusaidia sana watu hao na sina la kuwalaumu. Lakini hebu fikiria mtoto wa Mkomani, aliyezaliwa ndani ya nyumba yenye zidaka, anayelazimika kuusoma ukuta wa nyanya yake kwa lugha aliyofundishwa darasani.

Tena mtoto huyo akiandika "zidaka" katika insha, mwalimu huikata kwa wino mwekundu na kuandika "vidaka". Kwa mujibu wa sarufi sanifu mwalimu ana haki. Tangu Kiunguja kiteuliwe kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, z- ya Kiamu imekuwa kosa shuleni. Usanifishaji ulitupatia vitabu, magazeti na mitihani, nami ninakula kwa jasho lake. Hata hivyo usanifishaji ulihusu sarufi na tahajia. Haukuwa amri ya kuyafuta majina ya vitu ambavyo Unguja haikuwa navyo kwa namna ile ile. Katika maandishi ya ufundi zidaka ni istilahi, na istilahi haisahihishwi.

Kuna nyumba nyingine ambayo watetezi wa turathi huisahau, nayo ni ile ya watu wengi: nyumba ya miti na udongo. Hiyo ndiyo nyumba ya kiunzi cha mbao hasa. Nguzo husimikwa, fito hufungwa kwa kamba juu ya nguzo, mwamba hulazwa kileleni, makombamoyo huteremka kutoka kwenye mwamba, mapau hukingama juu yake, kisha makuti huezekwa na kuta hukandikwa. Hakuna saruji wala msumari wa lazima. Hakuna pia anayeiwekea kibao cha ukumbusho, kwa kuwa huishi miaka michache na kufanyiwa marekebisho kila mara. Lakini mtu aliyejifunza kuijenga alikuwa na msamiati kamili wa uhandisi kabla hajajua kusoma, na mwanafunzi wa fizikia angeweza kufundishwa habari za mizigo na mihimili kwa kusimamishwa chini ya paa lake.

Wapo watakaosema kwamba ninawaza maneno ilhali miti yenyewe haipatikani. Hoja hii ina uzito. Kenya ina hekta 61,000 hivi za mikoko, na zaidi ya nusu ya hizo ziko Lamu. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko ikiwamo. Amri hiyo ilikuwa na sababu zake, kwa kuwa misitu ilikuwa imefyekwa vibaya sehemu nyingi. Lakini wakataji wa Lamu walibaki bila kazi, na mwenye nyumba aliyehitaji boriti sita tu za kuizuia dari isimwangukie hakuwa na pa kuzipata kwa njia ya halali. Waliotunga amri, naamini, hawakujua tofauti ya korija moja ya boriti za ukarabati na shehena ya biashara. Wangemwuliza mkataji angewapambanulia kwa maneno mawili.

Kuchelewa nako kuna gharama yake. Huko Unguja, jumba la Beit al Ajaib lililojengwa mwaka 1883 liliporomoka sehemu kubwa ya mbele tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya kukarabatiwa, na watu wawili wakafariki. Sisemi kwamba sababu yake ni ile ya ukuta wa bibi yule. Nalitaja kwa kuwa wengi bado wanadhani nyumba za kale hufa polepole na kwa adabu.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sijaona bado ramani ya ukarabati wa nyumba ya Lamu iliyoandikwa kwa lugha hiyo rasmi, na sioni kwa nini isiwepo. Kila mradi unaolipiwa kwa fedha za umma au za wafadhili ungetakiwa kuwa na maagizo ya kazi kwa Kiswahili, yaliyoandikwa pamoja na fundi mzee wa mahali, na fundi huyo alipwe kwa ujuzi huo kama anavyolipwa mchoraji. Vyuo vya ufundi vya pwani vingeweza kumpa kibarua cha kufundisha bila kumdai cheti asichokuwa nacho.

Walimu wa sekondari wasingoje mradi wala mfadhili. Mwanafunzi atumwe kwa fundi aliye karibu naye, awe mwashi wa Lamu, mwezekaji wa Kwale au seremala wa Mombasa, akae naye nusu siku. Aandike neno kama lilivyotamkwa, asilisanifishe. Aandike mahali alipolisikia na umri wa aliyelisema. Aandike kitendo kizima: kwa chombo gani, kwa vitu gani, baada ya kazi ipi na kabla ya ipi. Na kama kitu hakielezeki kwa maneno akichore, hata kama mchoro ni mbaya, kisha amrudie fundi amwonyeshe na kumwuliza kama ndicho.